Bendera za Tufani

Nchi ya Marekani ni kubwa sana; inazidi nchi ya Kongo yapata mara nne. Siku ileile watu wa upande mmoja wanaota jua, na upande mwingine theluji inaanguka. Mwaka wa huko si kiangazi na masika tu. Una majira manne. Baada ya majira ya joto, majani ya miti yanageuka rangi, yanakuwa mekundu na manjano, kisha yanaanguka. Hiyo ni miezi ya Septemba, Oktoba na Novemba. Watu wanavuna mashamba yao, nao wanafurahi. Lakini mabaharia wanaogopa miezi hiyo, na Novemba kuliko yote.

Kaskazini ya nchi, mpakani pa Kanada, kuna maziwa makubwa matano: Superior, Michigan, Huron, Erie na Ontario. Ziwa Superior lapita Tanganyika kwa ukubwa zaidi ya mara mbili, ingawa Tanganyika lina kina zaidi. Merikebu ndefu zinapita humo, zikichukua mawe ya chuma, makaa ya mawe na ngano.

Je, tufani inatoka wapi? Wakati wa joto jua linapasha maji ya maziwa. Maji mengi hayapoi upesi: chungu kikubwa kikiondolewa motoni, maji yake yanakaa na joto muda mrefu. Basi Novemba ikifika, maji bado yana joto kidogo, lakini hewa ya baridi kali inashuka kutoka Kanada. Tena hewa ya joto yenye unyevu inakuja kutoka bahari ya kusini. Hewa hizo mbili zinakutana juu ya maziwa. Ile ya joto ni nyepesi, inapanda. Ile ya baridi ni nzito, inaingia chini yake. Hewa inaanza kuzunguka, kama maji yazungukavyo mtoni penye mawe, na upepo unazidi nguvu. Mawimbi yanainuka. Maji yanayorukia merikebu yanaganda kuwa barafu, nayo merikebu inalemewa.

Zamani kila mji ulijua hewa yake tu. Lakini tufani za huko mara nyingi zinatoka magharibi kwenda mashariki. Ikipiga mji wa magharibi leo, mji wa mashariki utaipata kesho. Nani atawaambia watu wa mashariki? Hakuna mjumbe awezaye kuupita upepo mbio. Simu ya waya peke yake iliweza.

Bwana Increase Lapham, mkaaji wa mji wa Milwaukee, alifahamu jambo hilo. Akaandika orodha ya merikebu zilizovunjika katika maziwa, na watu waliokufa, akaipeleka kwa wakubwa wa serikali. Mwezi wa Februari 1870, Rais Grant alitia sahihi sheria ya kuanza kazi ya kupima hewa katika nchi nzima. Tarehe 1 Novemba mwaka ule, askari wa vituo 24 walipima hewa kwa saa moja ileile, wakapeleka hesabu zao kwa simu. Siku saba baadaye, Lapham mwenyewe akatoa onyo la kwanza la tufani kwa watu wa maziwa.

Tangu hapo, onyo likifika, watu wa bandari walitweka bendera nyekundu yenye alama nyeusi katikati. Usiku waliwasha taa. Nahodha aliyeona alama hizo alijua kwamba tufani inakuja. Lakini kungoja au kutoka, shauri lilikuwa lake.

Tarehe 7 Novemba 1913 bendera zilitwekwa. Upepo ukavuma, kisha ukapunguka. Manahodha wengine wakadhani tufani imepita. Mizigo ilikuwa tayari, na baridi ilikuwa karibu kuyafunga maziwa kwa barafu. Wakatoka bandarini. Kumbe tufani nyingine ilikuwa inapanda kutoka kusini, ikaungana na ile ya kwanza. Usiku wa tarehe 9, mawimbi ya ziwa Huron yalifika meta 10 na zaidi. Katika ziwa hilo merikebu 8 zilizama, wala hakuna baharia wao hata mmoja aliyepona. Katika maziwa yote watu zaidi ya 250 walikufa.

Watabiri wa hewa walijifunza kwa msiba huo. Wakaona kwamba haifai kupima mara chache, maana tufani haingoji. Hata hivyo kazi yao haikuwa nyepesi. Tarehe 9 Novemba 1975 merikebu Edmund Fitzgerald ilitoka bandarini. Mwanzo watabiri walidhani tufani itapita kusini ya ziwa Superior. Jioni wakatoa onyo, na usiku wakatoa onyo kubwa zaidi, lakini merikebu ilikuwa imekwisha kuondoka. Kesho yake ilizama pamoja na watu wote 29.

Siku hizi watabiri wana macho mengi. Maboya yenye vipimo yanaelea ziwani. Mara mbili kila siku maputo yanapanda angani, yakipima joto, unyevu na upepo. Rada zinaona mvua na theluji tangu mbali, na satelaiti zinapiga picha za mawingu kutoka juu sana. Kompyuta zinakusanya hesabu hizo zote, na watabiri wanaweza kuona dalili za tufani siku kadha kabla haijafika. Manahodha wanasikia habari, wanangoja bandarini. Tangu 1975 hakuna merikebu nyingine kubwa ya mizigo iliyozama na watu wake katika maziwa yale.

Lakini mtabiri hawezi kuuzuia upepo. Yeye anaonya tu. Aliyeonywa ndiye anayechagua. Wahenga walisema: Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Maulizo
1. Kwa nini mabaharia wanaogopa mwezi wa Novemba?
2. Simu ya waya ilisaidiaje watu wa mashariki?
3. Mwaka 1913 manahodha walikosea nini?
4. Taja vyombo vinne vya watabiri wa siku hizi.
5. Wavuvi wa kwenu wanatambuaje kwamba upepo mkali unakuja?