Rufaa, Shauri na Tamko: Istilahi za Mahakama za Arusha

Mohoro, katika Rufiji, ni mji mdogo wenye kumbukumbu nzito. Hapo ndipo Wajerumani walipomnyonga Kinjekitile Ngwale tarehe 4 Agosti 1905, siku chache tu baada ya Vita vya Majimaji kuanza Umatumbini. Tulipopita huko katika kazi yetu ya kukusanya maneno, mzee mmoja alituuliza: “Wanangu, siku hizi mtu akihukumiwa kunyongwa hukata rufaa Arusha, sivyo?” Swali ni jema, lakini limebeba neno lisilo lake, na kosa si la mzee, bali ni la sisi tunaotafsiri na kufundisha. Kwa hiyo tumeonelea vema tueleze istilahi chache.

1. Mahakama ya Arusha

Jina hili halitoshi, kwa kuwa mahakama zenyewe ni mbili. Ya kwanza ni Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoundwa kwa Itifaki ya mwaka 1998 iliyoanza kutumika mwaka 2004. Ya pili ni Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, iliyozinduliwa mwaka 2001 chini ya Mkataba wa Jumuiya wa mwaka 1999. Masharti yake hayafanani. Ile ya Afrika humtaka mlalamikaji kwanza amalize njia za kudai haki zilizomo nchini mwake. Ile ya Jumuiya haina sharti hilo, lakini Mkataba wake umempa mkazi wa nchi mwanachama miezi miwili tu ya kulalamika. Mfasiri akiyachanganya majina, mwananchi aweza kupitwa na muda.

2. Rufaa na shauri

Rufaa hupanda kutoka mahakama ya chini kwenda ya juu, katika mfumo mmoja wa sheria. Kwa mfungwa wa Tanzania, ngazi ya mwisho ni Mahakama ya Rufani. Apelekacho Arusha ni shauri jipya, na mdaiwa ni Serikali. Linaloulizwa huko ni kama nchi imevunja ahadi zake. Novemba 2019, kwa mfano, Mahakama ya Afrika iliamua kwamba sheria ya Tanzania inayomlazimisha jaji kutoa adhabu ya kifo kwa kosa la kuua kwa kukusudia inavunja haki ya uhai, na kwamba kunyonga kunavunja utu. Iliagiza sheria irekebishwe na suala la adhabu lisikilizwe upya; haikusema kuwa wafungwa wale hawana hatia.

3. Kusaini, kuridhia na tamko

Kusaini ni kuonyesha nia. Kuridhia ni kukubali kufungwa na mkataba. Tamko, katika Itifaki hii, ni idhini ya ziada ambayo nchi huitoa ili mtu binafsi na mashirika yasiyo ya kiserikali yanayotambuliwa waweze kuishtaki moja kwa moja. Tanzania iliiridhia Itifaki mwaka 2006, ikatoa tamko mwaka 2010, na Novemba 2019 ikatoa taarifa ya kuliondoa, kuanzia Novemba 2020. Wengi walieleza kuwa nchi “imejitoa katika Mahakama”. Sivyo. Kilichoondolewa ni tamko, si uridhiaji. Na mashauri yaliyokwisha kufunguliwa hayakufutika. Tofauti ya neno moja hapa ni tofauti ya mlango uliofungwa na nyumba iliyobomolewa.

4. Binadamu na watu

Baadhi ya waandishi huliacha neno “watu”, wakidhani ni marudio. Mkataba wa Afrika, uliopitishwa Nairobi mwaka 1981, unakusudia kwa neno hilo jamii nzima yenye haki zake kwa pamoja, kama vile haki ya kujiamulia mambo yake na kujikomboa katika ukoloni. Nadhani hakuna mahali panapofaa kulieleza neno hilo kuliko Mohoro.

Tulimjibu mzee: “Hapana, baba, Arusha hakuna rufaa, kuna shauri.” Akatuuliza mbona hakuambiwa hivyo tangu awali. Tunawaomba walimu, wafasiri na watumishi wa Serikali watusaidie ili swali hilo lisiulizwe tena.