UNATEMBEA VIZURI MCHANA: GIZANI JE?

Ndugu mfanyakazi, labda uliugua kizunguzungu kikali. Nyumba ilizunguka, ulitapika, ulilala siku nyingi pasipo kuweza kusimama. Munganga alisema ni ugonjwa wa sikio la ndani. Sasa unakula, unatembea, unataka kurudi kazini. Je, umepona kweli?

Sikio lina kazi mbili

Sikio si la kusikia tu. Ndani kabisa, katika mfupa wa kichwa, mna mifereji midogo 3 yenye maji, na vifuko 2 vyenye vijiwe vidogo sana. Hivyo vinaambia ubongo ginsi kichwa kinavyogeuka na kuinama.

Mwili unasimama kwa msaada wa watatu: macho, miguu na sikio la ndani. Mmoja akiugua, wawili wanaobaki wanamsaidia, na ubongo unajifunza pole pole kufanya kazi pasipo yeye. Ndiyo maana mtu anaweza kutembea vizuri barabarani mchana, kumbe sikio lake lingali bovu.

Lakini chini ya udongo, kule Kipushi au Kamoto, giza linanyima macho kazi, na matope na mawe yanadanganya miguu. Linabaki sikio peke yake. Kama ni bovu, mtu anaanguka kwenye ngazi au mbele ya gari.

Munganga anapima namna gani?

1. Anauliza kizunguzungu kinadumu muda gani. Kikidumu sekunde chache tu, unapogeuka kitandani au kuinua kichwa, mara nyingi ni vijiwe vilivyotoka mahali pake, kwa mfano baada ya kugongwa kichwani. Atakulaza upesi, kichwa kimegeuzwa upande, na kutazama macho yako. Dawa ya ugonjwa huu si vidonge. Ni kugeuza kichwa kwa utaratibu ambao munganga anaujua.

2. Anakuambia utazame pua yake, kisha anageuza kichwa chako kidogo kwa ghafula. Macho yakichelewa, halafu yakaruka kuirudia pua, sikio la upande ule ni dhaifu.

3. Anakusimamisha miguu pamoja, macho yamefumbwa. Halafu unapiga hatua 50 pale pale, macho yangali yamefumbwa. Mwenye sikio dhaifu anaweza kugeuka upande mmoja pasipo kujua.

4. Katika lopitalo kubwa wanaweza kutia maji ya digrii 30, kisha ya digrii 44, katika kila sikio. Macho yakicheza sawa pande zote mbili, ni ishara njema. Robert Bárány, munganga wa Vienna aliyeeleza kipimo hiki, alipewa zawadi ya Nobel ya mwaka 1914.

Usifiche kitu

Mwambie munganga dawa zote ulizomeza. Vidonge vya kutuliza kizunguzungu vinaweza kuficha ugonjwa wakati wa kupima, na ukivitumia siku nyingi vinachelewesha ubongo kujifunza. Pombe pia inaharibu kipimo.

Ulipigwa sindano za streptomisini au jentamisini? Sema. Zinaweza kuharibu masikio yote mawili. Hapo nyumba haizunguki hata kidogo, lakini mtu anayumba gizani. Bibi yako akiona unashika ukuta usiku, usimkatalie. Mpeleke akamwambie munganga.

Hatari!

Kizunguzungu kikija pamoja na kuona vitu viwili viwili, ulimi mzito, mkono kulegea, au kichwa kuuma vikali kwa ghafula, usingoje kesho. Huenda ni ubongo. Lopitalo mara moja!

Wakati wa kupona, tembea kila siku na ugeuze kichwa kama ulivyofundishwa. Kulala tu hakumfundishi ubongo. Lakini usipande ngazi, usiendeshe gari wala mashine, usishuke shimoni mpaka munganga aruhusu. Mwombe shefu kazi ya chini, mahali penye mwangaza.

Siku chache za kungoja hazimalizi mshahara. Kuanguka mara moja kunaweza kumaliza kazi yote.