Koki ya Boya katika Tangi la Maji

Fungueni madaftari. Somo letu la leo ni juu ya kifaa kidogo kiwezacho kugombanisha vijiji viwili.

Katika nchi yetu ya milima, tangu Kasanda mpaka Kasulu, maji ya chemchemi yaweza kushuka kwa mserereko, bila injini. Bomba moja laweza kulisha matangi mawili, la juu na la chini. Tangi la juu likifurika usiku kucha, la chini halijai. Asubuhi watu wa chini hukuta mabomba makavu, nao husema wenzao wa juu wameiba maji. Kumbe mwizi ni kipande cha mpira kilichochakaa.

Koki ya boya hufanyaje kazi? Maji yakipanda tangini, boya huelea na kupanda nayo. Boya limefungwa kwenye mkono wa chuma. Mkono huo husukuma mpira mdogo, yaani washa, ukaziba tundu la maji. Mkono mrefu huongeza nguvu, kama mtaimbo uinuavyo jiwe. Maji yakipungua, boya hushuka na tundu hufunguka.

Sasa tufanye hesabu. Kinga ndoo ya lita 20 kwenye bomba la kufurikia. Ikijaa kwa dakika 4, zinapotea lita 5 kila dakika. Kwa saa moja ni lita 300. Kwa siku ni lita 7,200, yaani ndoo 360. Nyumba inayotumia ndoo 6 kwa siku hupata haja yake; basi nyumba 60 zimekosa maji.

Kabla ya kununua kitu, tafuteni ugonjwa. Nawa mikono kwa sabuni, kisha inua boya kwa mkono.

Kwanza: maji yakikatika, mpira ni mzima. Tikisa boya. Ukisikia maji ndani, limetoboka. Badilisha boya peke yake. Kama halikutoboka, tazama mkono. Huenda umepinda au umekwama.

Pili: maji yasipokatika, kuna mchanga tunduni, au mpira umekwisha, au mdomo wa tundu umelika. Mchanga husafishwa na mpira hubadilishwa. Mdomo ukilika, koki yote hubadilishwa.

Tatu: maji yasipoingia kabisa, tazama kama koki ya kufungia imefunguliwa. Kisha shusha boya. Yasipokuja, tundu limeziba, au ugonjwa uko juu zaidi katika bomba.

Namna ya kubadilisha koki ni hii:

1. Watangazieni watu wateke maji mapema.
2. Funga koki ya kufungia.
3. Fungua nati kwa spana, ukilishika bomba kwa spana ya pili lisizunguke.
4. Peleka koki ya zamani dukani, upewe ya kipimo kile kile. Mwambie mwenye duka kama maji yana nguvu nyingi. Koki ya maji ya nguvu ndogo haitayazuia.
5. Safisha nyuzi za bomba, zungusha utepe mweupe wa mabomba kwa kufuata mwendo wa saa, kisha kaza bila kupita kiasi.
6. Fungulia maji polepole. Rekebisha mkono ili maji yakatike kama inchi moja chini ya bomba la kufurikia.

Mtu asiingie peke yake ndani ya tangi lililofunikwa; hewa yake yaweza kuwa mbaya. Aliyeingia aache viatu nje, na afisa afya aulizwe kiasi cha klorini. Tangi la kijiji lisiguswe bila idhini ya chombo cha watumia maji. Tangu mwaka 2019, maji ya vijijini husimamiwa na RUWASA, nao wataalamu wake waulizwe kazi ikiwashinda. Bei ya koki iandikwe katika daftari na risiti itunzwe, ili kila mchangiaji aweze kuisoma.

Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni 2 walisikiliza redio katika vikundi, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Nanyi fanyeni hivyo: baada ya kusoma, nendeni tangini.

Maswali ya kujadiliana:
1. Nani kijijini hutazama tangi letu, na mara ngapi kwa mwezi?
2. Ndoo ikijaa kwa dakika 2, zinapotea ndoo ngapi kwa siku?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.