Gololi Iliyopotea: Ufundi wa Kurudishia Kipuri Kidogo cha Kamera Kongwe

Kamera kongwe ya mkanda, yaani ile iliyopiga picha kwa nguvu ya springi na magurudumu ya meno kabla ya betri na kompyuta kushika kazi hiyo, imeundwa kwa mamia ya vipande, vingi vikiwa vidogo kuliko punje ya mchele, na kila kimoja kimepewa kazi ambayo kingine hakiwezi kuifanya. Anayeifungua ili kuisafisha au kuitengeneza hukabiliwa na shida mbili zisizolingana uzito. Kipande kilichovunjika bado kipo mezani, umbo lake laweza kusomwa na kuigwa. Kilichoruka na kutoweka hakiachi ila tundu tupu, na fundi hulazimika kulisoma tundu hilo ili ajue kilichokuwamo. Usomaji huo wa tundu ndio kiini cha ufundi unaoelezwa hapa, nao una sura yake ya pekee katika kisiwa chenye chumvi hewani kama Unguja.

Unguja ina historia ndefu ya kamera. Tangu miongo ya mwisho ya karne ya 19, familia zenye asili ya Goa, zikiwemo za Gomes na Coutinho, ziliendesha studio za picha mjini Zanzibar, na mwaka 1930 Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio, ambayo mwanawe, Rohit Oza, aliiendeleza baada yake na ambayo picha zake za masultani, sherehe, majahazi na watu wa mitaani zimekuwa sehemu ya kumbukumbu ya visiwa hivi. Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000 kwa sababu ya majengo na utamaduni wake, na ni haki. Lakini vyombo vilivyouhifadhi mji huo katika picha vinastahili kutunzwa kwa bidii ya namna hiyo hiyo, kwani picha ya mwaka 1950 haieleweki vizuri na mtu asiyejua chombo kilichoipiga kilifanyaje kazi.

Ugumu ni kwamba viwanda vyenyewe vimekwisha. Chukua mfano wa Yashica-Mat 124G, kamera ya Kijapani yenye lenzi mbili zilizopangwa moja juu ya nyingine, ambayo ilitengenezwa kuanzia mwaka 1970 hadi 1986: kampuni ya Yashica ilimezwa na Kyocera mwaka 1983, na Kyocera yenyewe ikatangaza mwaka 2005 kwamba inaacha kutengeneza kamera. Mwenye kamera hiyo leo hana kiwanda cha kukiandikia barua. Hubaki na njia mbili tu, ama kununua kamera nyingine iliyokufa na kuitoa viungo, ama kukitengeneza upya kile kilichopotea.

Jambiani, kijiji cha pwani ya kusini mashariki, kiasi cha kilomita 55 kutoka mjini, ni mahali panapoonyesha vizuri kwa nini kazi hii ni ngumu na kwa nini inawezekana. Maji yanapotoka, sakafu ya bahari hubaki wazi hadi karibu na mwamba, na wanawake wanaolima mwani, zao lililoanza kulimwa kibiashara katika pwani hiyo mwishoni mwa miaka ya 1980, huingia mashambani. Mandhari hiyo huwavuta wapiga picha wengi. Msimu wa kusi upepo hutoka baharini moja kwa moja na kuleta manyunyu ya chumvi, nao mchanga mweupe na laini huingia katika kila mwanya. Kamera iliyokaa miaka mingi katika hali hiyo hukwama, na kamera iliyokwama hufunguliwa na mtu, mara nyingi juu ya meza isiyo na kingo.

Miongoni mwa vipuri vinavyopotea kwa urahisi kabisa ni gololi ya pete ya kiwambo. Kiwambo ni tundu la ndani ya lenzi linaloundwa na majani membamba ya chuma, ambalo hupanuliwa au kubanwa ili kupima mwanga unaopita. Pete ya nje inayoliongoza hupita juu ya gololi moja ya chuma inayosukumwa kutoka chini na springi ndogo, na gololi hiyo hutumbukia katika vishimo vilivyochongwa upande wa ndani wa pete, kimoja kwa kila namba. Ule mlio mdogo unaosikika pete inapozungushwa ni gololi ikiingia kishimoni. Kipenyo chake kwa kawaida ni kati ya milimita 1 na 1.6, na kwa kuwa springi iliyo chini yake imebanwa wakati wote, pete ikivutwa kwa pupa gololi huruka na kuanguka mbali na meza. Lenzi haifi kwa kuikosa. Bado itapiga picha. Hata hivyo, pete hulegea na kuteleza yenyewe kutoka namba moja hadi nyingine, na mpiga picha aliyechagua mwanga mmoja hupata mwingine bila kujua, jambo ambalo ni baya kuliko kamera kukataa kufanya kazi kabisa.

Kabla ya kutafuta gololi mpya, ile ya zamani itafutwe kwa utaratibu, na hapa mchanga wa Jambiani una hisani isiyotarajiwa. Mchanga huo umetokana zaidi na matumbawe na makombe yaliyosagika, yaani madini ya chokaa ambayo sumaku haiyashiki hata kidogo. Kwa hiyo sumaku iliyofungwa ndani ya mfuko wa plastiki, ikipitishwa polepole juu ya sakafu, itaokota chuma peke yake na kuuacha mchanga. Mfuko ukigeuzwa ndani nje, gololi hubaki ndani yake bila kugandamana na sumaku. Skrubu ya shaba au ya alumini haiokotwi kwa njia hiyo, na kwa hizo hakuna hila isipokuwa kufagia kwa brashi safi na kuchekecha taka zote juu ya kitambaa cheupe.

Gololi isipopatikana, hatua ya kwanza ni kupima tundu. Fundi asiye na vyombo vya gharama huchukua ncha za keekee za vipimo vinavyofuatana, akazigeuza, na kuingiza upande wake laini: ile ya milimita 1.5 ikipita na ya 1.6 ikagoma, ukubwa umejulikana. Kisha huja swali la mahali pa kuipata gololi mpya. Baiskeli, ambayo haikosekani kijijini, haifai, kwa sababu hata gololi ndogo za friwili yake zina kipenyo cha karibu milimita 3.2, mara mbili ya kinachohitajika. Feni ndogo za kompyuta zenye beringi za gololi ni chanzo bora zaidi, kwani nyingi hubeba gololi za karibu milimita 1.5. Wengine huitoa gololi kwenye kalamu ya wino iliyoandikwa 1.0, nayo kwa kipimo inafaa pale tundu linapokuwa dogo kiasi hicho; lakini gololi ya kalamu kwa kawaida ni ya kabidi ya tungsteni, kitu kigumu kuliko chuma, na ikizunguka juu ya pete ya shaba kwa miaka mingi itavichimba vishimo vyake mpaka viharibike. Kipuri kinachoiokoa lenzi leo kwa kuila kesho hakistahili kuitwa kipuri. Gololi ndogo kupita kiasi ni hatari vilevile, maana hujipenyeza kati ya pete na mwili wa lenzi na kuikaza pete isigeuke kabisa.

Skrubu iliyopotea huonekana kuwa jambo jepesi zaidi, kumbe ndiyo yenye mitego mingi. Mistari inayoizunguka skrubu huitwa hesi, na umbali kati ya mstari mmoja na unaoufuata huitwa hatua. Kamera nyingi za Kijapani za katikati ya karne ya 20 hutumia skrubu ya kipenyo cha milimita 1.7 yenye hatua ya milimita 0.35, ilhali skrubu zinazopatikana kwa wingi leo ni za milimita 1.6 zenye hatua hiyo hiyo ya 0.35. Ya leo itaingia katika tundu la zamani, itazunguka, hata itaonekana imekaza. Lakini imeshika nusunusu tu, na mtikisiko wa daladala moja kutoka mjini hadi Jambiani watosha kuilegeza. Upo mtego mwingine kwa kamera za Kiingereza kama zile za Ensign, ambazo hazikuwa ngeni katika nchi zilizokuwa chini ya Uingereza. Kipimo cha Kiingereza kiitwacho 10 BA nacho kina kipenyo cha milimita 1.7 na hatua ya 0.35, sawasawa na kile cha Kijapani, ila kingo za hesi zake zimekutana kwa pembe ya nyuzi 47.5 badala ya 60. Macho hayaioni tofauti hiyo. Mkono huihisi, kwa kuwa skrubu hukaza mapema kabla ya kufika mwisho, na anayeilazimisha huzikata hesi za tundu.

Urefu nao si wa kubahatisha. Nyuma ya bamba la mbele la kamera mara nyingi pana shata, yaani kile kilango kinachofunguka na kufunga kwa sehemu ndogo ya sekunde ili mwanga uufikie mkanda, na skrubu iliyozidi nusu ya milimita yaweza kuligusa gurudumu lake na kulisimamisha. Kwa hiyo kina cha tundu hupimwa kwa sindano, skrubu mpya hukatwa, na ncha yake hulainishwa kwa tupa na msasa mwembamba. Mafundi wanaofaa zaidi kwa kazi hiyo kisiwani ni masonara, ambao tayari wana jiliwa ndogo, tupa nyembamba, kioo cha kukuzia na, la muhimu kuliko vyote, mazoea ya kushika kitu kidogo bila kukiponda. Mwenye kamera akiwapelekea skrubu pacha iliyotoka kwenye bamba hilo hilo kuwa kielelezo, nusu ya kazi imekwisha.

Kuna jambo moja ambalo vitabu vya matengenezo vilivyoandikwa kwa ajili ya nchi kavu na za baridi hulipita haraka, nalo ni aina ya madini. Metali mbili tofauti zinapogusana penye unyevu wa chumvi, umeme mdogo hupita kati yake, na ile iliyo dhaifu kikemia huliwa. Skrubu ya chuma cha pua ikiwekwa katika mwili wa alumini, kinacholiwa ni alumini iliyo ukingoni mwa tundu, maana yake zile hesi ambazo haziwezi kununuliwa tena. Huko Jambiani unga mweupe unaojitokeza kuzunguka skrubu ni dalili ya ugonjwa huo. Tiba ni nyepesi: grisi kidogo sana katika hesi kabla ya skrubu kuingizwa, na tone la rangi ya kucha juu ya kichwa chake baada ya kukazwa, ambalo huzuia unyevu na pia huzuia skrubu isilegee. Kanuni inayofuatwa ni kwamba kati ya kipuri kipya na mwili wa kamera, kinachoruhusiwa kuharibika ni kipuri.

Springi iliyopotea ndiyo inayodai hesabu. Ugumu wa springi ya kuzongwa hutegemea kipenyo cha uzi wake kwa kiwango cha kushangaza: kipenyo hicho hujizidisha chenyewe mara nne katika hesabu, hivi kwamba uzi ulionenepa kwa asilimia 10 tu hutoa springi iliyo ngumu zaidi kwa takriban asilimia 46. Ndiyo sababu uzi wowote wa chuma uliookotwa haufai. Nyuzi nyembamba za gitaa, zenye milimita 0.23 au 0.25, ni chuma kizuri cha springi chenye kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, na katika kisiwa cha taarabu, ambako fidla na magitaa havijakosa wapigaji, uzi uliokatika ukiwa jukwaani huwa bado na urefu wa kutosha springi nyingi. Uzi huo huzongwa juu ya msumari mwembamba kuliko kipenyo kinachotakiwa, kwa kuwa ukiachiwa hujifungua kidogo, wala haupashwi moto, maana moto huuondolea nguvu yake yote.

Kamera ikishafungwa hubaki kuthibitisha kwamba inasema kweli. Mwendo wa shata ulioandikwa 125 humaanisha kilango kiwe wazi kwa sehemu 1 ya 125 ya sekunde, yaani milisekunde 8, na simu ya kawaida yaweza kurekodi mlio wa kufunguka na wa kufunga ili umbali kati yake upimwe katika programu ya sauti. Njia hiyo huaminika kwa mwendo wa polepole. Kwa mwendo wa 500, ambao ni milisekunde 2 tu, milio miwili huchanganyika na inabidi kutumia kipokea mwanga. Mkanda wa negativu huvumilia kasoro ya nusu ya kipimo cha mwanga, kwa hiyo shata ya 125 inayofanya kazi kama ya 90 haihitaji kufunguliwa tena. Kinachohitajika ni karatasi ndogo ndani ya kifuniko cha chini, yenye kipimo cha gololi, mahali ilipotoka, na mwendo halisi wa shata, ili fundi atakayeifungua baada ya miaka 20 asianze kwa kubahatisha.