Kabla ya kukokota trela ya kambi, pima kwanza uwezo wa pikapu yako

Na MWANDISHI WETU

MSIMU wa likizo unapowadia, si ajabu kukutana na pikapu zikikokota trela za kupigia kambi kuelekea Naivasha, Maasai Mara, Samburu au ufuo wa Ziwa Turkana. Trela hizi hubeba hema la kukunjua, vitanda, jiko na tangi la maji, nayo familia husafiri na makao yake nyuma.

Swali ambalo mnunuzi wa pikapu humwuliza muuzaji kwanza ni moja: gari hili linavuta kilo ngapi? Kwa pikapu nyingi za dizeli zenye milango minne, jibu huwa ni kilo 3,500 iwapo trela ina breki zake, na kilo 750 iwapo haina.

Jibu hilo si la uongo, lakini halijakamilika. Wahenga walinena kuwa ukubwa wa pua si wingi wa kamasi. Tarakimu inayotangazwa ni ya trela kubwa kabisa ambayo gari linaweza kuivuta likiwa karibu tupu. Aghalabu kinachokwisha kwanza si nguvu ya injini bali ni nafasi ya kubeba mzigo.

Ili kuelewa jambo hili, msomaji anahitaji kujua vipimo vingine vitatu, ambavyo huandikwa katika kitabu cha gari au katika kibandiko kilichoko kwenye fremu ya mlango.

Cha kwanza ni upeo wa uzito wa gari lenyewe pamoja na kila kilichomo ndani na juu yake. Cha pili ni upeo wa uzito wa gari na trela kwa jumla. Cha tatu ni uzito wa shingo, yaani uzito ambao ncha ya mbele ya trela hukandamiza kiungo cha kukokotea kilichoko nyuma ya gari.

Tuchukue mfano. Tuseme pikapu ina uzito wa kilo 2,100 ikiwa na mafuta tele lakini bila mtu wala mzigo. Upeo wake ikiwa imepakiwa ni kilo 3,000. Upeo wake pamoja na trela ni kilo 5,850, nayo inaruhusiwa kuvuta trela ya kilo 3,500.

Mwenye gari akifunga trela ya kilo 3,500, gari lenyewe na vyote lililobeba havipaswi kuzidi kilo 2,350. Ukiondoa kilo 2,100 za gari tupu, zinabaki kilo 250 pekee. Hao ni watu watatu wa kilo 75 kila mmoja, na mkoba mmoja.

Sasa tupunguze trela hadi kilo 1,500, ambazo hazifiki hata nusu ya uwezo unaotangazwa. Je, mambo yatakuwa rahisi? Pikapu hii ina nafasi ya kubeba kilo 900. Uzito wa shingo ukiwa asilimia 10 ya trela, kilo 150 zimekwenda. Zinabaki 750.

Wazazi wawili na watoto watatu huchukua kilo 285 hivi. Ongeza ngao ya chuma ya mbele kilo 60, kifuniko cha sehemu ya nyuma kilo 90, hema la juu ya paa kilo 70, lita 60 za maji, mitungi miwili ya dizeli kilo 40, jokofu na betri yake kilo 60, na vifaa vya ufundi kilo 50. Jumla ni kilo 715. Zimebaki kilo 35 tu, na chakula bado hakijapakiwa.

Isitoshe, uzito wa shingo hauketi katikati ya gari. Huning'inia nyuma ya ekseli ya nyuma, na hapo hufanya kazi kama nyenzo. Iwapo umbali kati ya ekseli mbili za gari ni mita 3.1 na kiungo kiko mita 1.25 nyuma ya ekseli ya nyuma, kilo 150 za shingo huongeza takriban kilo 210 kwenye magurudumu ya nyuma na kuondoa kilo 60 kwenye yale ya mbele.

Magurudumu ya mbele ndiyo yanayoongoza gari na ndiyo yanayobeba sehemu kubwa ya kazi ya breki. Yakipungukiwa na uzito, usukani huwa mwepesi na gari huchelewa kusimama. Kuweka springi ngumu nyuma huinua gari likaonekana limekaa sawa, lakini upeo uliowekwa na mtengenezaji haubadiliki kwa sababu hiyo.

Huenda msomaji akadhani dawa ni kuhamishia vitu vizito nyuma ya trela ili shingo iwe nyepesi. Hapo ndipo penye hatari kubwa zaidi. Trela iliyolemewa nyuma huanza kuyumba kama mkia wa samaki, hasa katika mteremko na kasi inapopanda, na hatimaye yaweza kulisukuma gari likapinduka.

Nchini Marekani, trela za aina hii hupangwa shingo iwe kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wote wa trela. Vitu vizito huwekwa chini, juu ya ekseli au mbele yake kidogo. Hata hivyo, shingo haipaswi kuzidi kipimo ambacho kiungo cha gari kimeruhusiwa kubeba.

Trela ikianza kuyumba, dereva hapaswi kuongeza kasi, kukata kona kwa ghafla wala kukanyaga breki za gari kwa nguvu. Aondoe mguu kwenye mafuta, ashike usukani wima, aache mwendo upungue. Kama trela ina breki za umeme zenye kidhibiti chake, azifunge hizo za trela pekee kwa upole.

Jambo lingine ni mahali ambapo tarakimu za kuvuta zilipatikana. Mwaka wa 2008, chama cha wahandisi wa magari cha Marekani, SAE, kilichapisha kanuni ya J2807 ili watengenezaji wapime kwa njia moja. Toyota ilikuwa ya kwanza kuifuata, kwa magari yake ya 2011. Katika kanuni hiyo, gari hubeba dereva na abiria mmoja, kila mmoja akikadiriwa kuwa na kilo 68, kisha hupanda mlima ulioko karibu na bwawa la Davis jimboni Arizona.

Kilele cha barabara hiyo kiko mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari. Nairobi iko karibu mita 1,700, Limuru inapita mita 2,200, na Timboroa mita 2,700. Injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 za kupanda, kwa kuwa hewa huwa nyepesi. Yenye turbo huhimili zaidi, lakini nayo hupata joto.

Kushuka ni mtihani mgumu kuliko kupanda. Katika mteremko kutoka Limuru kwenda Mai Mahiu, anayetegemea breki pekee huzichemsha hadi zikapoteza nguvu. Yafaa gia ndogo iingizwe kabla ya mteremko kuanza. Ikumbukwe pia kuwa kwa kasi ya kilomita 110 kwa saa, breki huwa na nishati ya kuzima inayokaribia mara mbili ya ile ya kilomita 80.

Njia ya hakika ya kujua ulipo ni mizani. Pakia kila kitu, tangi la maji likijaa na familia nzima ikiwa ndani, kisha nenda kwenye mizani ya magari. Pima gari peke yake likiwa limefungwa trela, magurudumu ya trela yakiwa nje ya mizani. Halafu pima vyote viwili pamoja. Mwisho, fungua trela uipime peke yake.

Ukitoa uzito wa magurudumu ya trela iliyofungwa kutoka kwa uzito wa trela iliyofunguliwa, utapata uzito wa shingo. Trela ikiwa kilo 1,500 na magurudumu yake kilo 1,350, shingo ni kilo 150.

Tarakimu moja ikizidi upeo wake, acha kitu nyumbani au tafuta trela ndogo. Kila mtu hujikuna ajipatapo, na pikapu vilevile. Wanaopima kabla ya kununua trela hupata nafasi ya kuchagua, ilhali anayepima baada ya kulipa hubaki akipunguza mizigo kila safari.