Akikosa Uliyemwazima Neno la Siri, Atakayeitwa Ni Wewe

MZAZI, siku ulipomsindikiza mwanao chuo kikuu bila shaka ulikagua mengi: karo, godoro, ndoo, blanketi, hata kufuli ya sanduku. Lakini kuna karatasi moja ambayo huenda hukuiona. Miongoni mwa fomu alizotia sahihi, au alizokubali kwa kubonyeza mahali kwenye skrini, ilikuwamo ile ya kanuni za kutumia kompyuta na mtandao wa chuo. Ni nadra mwanafunzi kuisoma. Maandishi ni madogo, na foleni nyuma yake ni ndefu.

Nawe mwanafunzi unayelisoma gazeti la baba Jumapili hii, hebu jiulize: wakumbuka hata kifungu kimoja?

Vingi havihitaji maelezo. Usile wala kunywa kwenye chumba cha kompyuta. Usipakue filamu za wizi. Usiutumie mtandao wa chuo kutukana watu, kusambaza picha chafu au kuendesha biashara yako. Lakini kuna kimoja ambacho vijana hukivunja kwa wema wa moyo tu, nacho ni kile kinachokataza kumpa mtu mwingine neno lako la siri.

Chukua mfano. Mwenzako wa chumbani amesahau neno lake la siri na kesho ana kazi ya kuwasilisha. Anakuomba lako "dakika tano tu." Unampa, nani atamnyima rafiki? Dakika tano zinakuwa muhula mzima. Siku moja anajaribu kuingia mahali ambapo wanafunzi hawaruhusiwi, tuseme penye alama za mitihani. Wiki ya pili unapokea barua ya kufika mbele ya kamati ya nidhamu. Yeye hajaitwa. Ni wewe.

Hapo msomaji atauliza, mbona wasichunguze ni nani hasa aliyekuwa amekaa mbele ya mashine? Tatizo ni kwamba mitambo haioni sura ya mtu. Huweka kumbukumbu za akaunti iliyotumika, saa yenyewe, na kifaa kilichounganishwa. Kwa mitambo, wewe ni lile jina na neno lako la siri. Ukisema hukuwa wewe, basi wakiri kwamba ulivunja kanuni nyingine.

Tena jambo hili halikomi kwenye lango la chuo. Vyuo vikuu vingi vya Kenya hupata intaneti kupitia KENET, mtandao wa elimu na utafiti ulioanzishwa mwaka wa 1999. Kuna pia mpango uitwao eduroam, ambao humwezesha mwanafunzi wa chuo kimoja kutumia intaneti akiwa mgeni katika chuo kingine kilichojiunga, kwa akaunti ile ile ya nyumbani. Chuo mwenyeji huuliza chuo chako kama kweli wakutambua, kisha hukufungulia. Kwa hivyo aliye na neno lako la siri aweza kufanya vituko mji ambao hujawahi kuutia mguu, na swali likarudi kwa chuo chako.

Aliyefanya kosa huwa si lazima awe mhuni. Mnamo Novemba 2, 1988, Robert Morris, kijana wa miaka 22 aliyekuwa akisomea shahada ya juu katika Chuo Kikuu cha Cornell nchini Marekani, aliachilia mtandaoni programu inayojisambaza yenyewe. Njia mojawapo iliyotumia kuingia katika mashine za watu ilikuwa kubahatisha maneno ya siri yaliyo rahisi. Haikufuta faili za mtu, lakini ilijizidisha kupita kiasi hata mashine zikalemewa. Ilikadiriwa kwamba kompyuta zipatazo 6,000 ziliathiriwa, wakati ambapo zote zilizounganishwa zilikuwa kama 60,000. Cornell ilimsimamisha masomo. Mwaka wa 1990 mahakama ilimhukumu miaka mitatu ya uangalizi, saa 400 za kuhudumia jamii na faini ya dola 10,050. Na baba yake, wazazi mnisikie, alikuwa mtaalamu mkuu wa usalama wa kompyuta serikalini! Kijana huyo baadaye alikuja kuwa profesa, lakini si kila mmoja hujaliwa kuinuka hivyo.

Hapa kwetu, Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Makosa ya Mtandaoni ilitiwa sahihi Mei 2018. Kuingia katika mfumo wa kompyuta bila idhini, adhabu ni faini isiyozidi shilingi milioni tano, au kifungo kisichozidi miaka mitatu, au yote mawili. Kutoa neno la siri kwa kujua na bila idhini nako kuna adhabu iyo hiyo. Sidhani polisi watamfuata kila aliyemsaidia mwenzake kuwasilisha kazi. Lakini kamati ya nidhamu haihitaji polisi, na mwaka mmoja wa kusimamishwa masomo ni karo iliyokwisha kulipwa.

Kama ulikwisha kulitoa neno lako, libadilishe leo, wala usingoje Jumatatu. Lile la chuo lisiwe lile lile la barua pepe wala la akaunti nyingine. Ukitumia kompyuta ya sebe mtaani, toka kwenye akaunti kabla ya kuinuka kitini. Kufunga dirisha la skrini peke yake hakutoshi. Ukishuku kwamba mtu ameingia kwa jina lako, iandikie ofisi ya kompyuta ya chuo mara moja na ubaki na nakala, ili ionekane ni wewe uliyetangulia kusema.

Na mwenzako aliyesahau lake? Ofisi hiyo hiyo ndiyo itakayompa jipya. Akiona haya kwenda peke yake, msindikize.