Mjusi Anaposhindwa Kuvua Ngozi



Mwezi uliopita mwanafunzi wangu wa darasa la tatu alinijia na katoni, machozi yanamtoka. "Mwalimu, iko nakufa!" Ndani kulikuwa na mjusi wa kichwa cha buluu, yule anayekaa kwenye miti. Wengi tunamwogopa eti ana sumu. Hana sumu, ila akishikwa vibaya anauma. Mtoto alimfuga wiki tatu bila mama yake kujua.

Kumbe mjusi alikuwa anavua ngozi. Mjusi akikua, ngozi ya juu haikui naye, hivyo huiacha vipande vipande, si nzima kama ya nyoka. Porini hujisugua kwenye magome ya miti, na umande huilainisha. Ndani ya katoni, na kiangazi hiki cha vumbi, ilikauka ikaganda vidoleni. Ikiganda hivyo hubana kama uzi, damu haipiti, na kidole au ncha ya mkia hukatika.

Tulifanya hivi:

1. Tulimweka dakika 15 kwenye sahani ya maji ya uvuguvugu, machache tu ya kulowesha miguu na tumbo, tukimwangalia.

2. Tulimwacha atembee juu ya kitambaa kilicholowa. Ngozi ikaanza kutoka.

3. Iliyolegea tuliisukuma kwa pamba yenye maji. Iliyoshika tuliiacha mpaka kesho. Usivute kwa kucha! Chini yake kuna ngozi changa, utamtia kidonda. Karibu na macho usiguse kabisa.

4. Tulimwekea jiwe la kujisugulia.

Siku ya tatu vidole vilikuwa safi, isipokuwa kimoja kilichokwisha kuwa cheusi. Kwa hicho tulikuwa tumechelewa.

Ukimshika mjusi, nawa mikono kwa sabuni, maana hubeba vijidudu vya kuharisha. Sahani ile isirudi jikoni.

Nilimwambia mtoto ukweli: katoni ndiyo iliyomtesa rafiki yake. Alinyamaza sana. Jioni tulikwenda na mama yake mpaka kwenye mti alikomtoa, akamfungulia mwenyewe.

Mzazi, mtoto akificha kiumbe nyumbani, usianze kwa kufoka. Muulize kwanza. Huyu wangu sasa kila asubuhi kabla ya kengele anapita pale, halafu ananiletea habari: "Mwalimu, iko juu ya muti!"